Mfereji wa kii ulioharibika kwenye krankshafti: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Kwenye pua ya krankshafti (shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni), yaani ile ncha ya mbele inayovaa gia ya taimingi na puli, kuna kipande kidogo cha chuma ambacho mafundi hukiita kii. Sehemu ya kii hulala ndani ya mfereji uliochongwa kwenye shafti, na sehemu inayobaki juu huingia kwenye mfereji wa gia. Kazi yake ni kuionyesha gia mahali pake, ili alama za taimingi, yaani za kupatanisha mwendo wa pistoni na valvu, ziwe na maana kila injini inapofungwa upya. Kazi ya kuizuia gia isicheze ni ya bolti kubwa ya mbele, ambayo huibana gia na puli kwa nguvu nyingi kiasi kwamba nyuso za vyuma hivyo hung'ang'aniana na kuzunguka kama kitu kimoja. Nguvu hiyo ikipungua, mzigo wote huangukia kii, nayo haikutengenezwa kuubeba.

Ninaanza na maelezo haya kwa sababu magari mengi yanayofika gereji zetu za Arusha yakiwa na tatizo hili huwa yameshawekewa kii mpya mara moja au mbili. Mwenye gari huonyeshwa kipande kilichokatika, huambiwa kwamba kii ilikuwa mbovu, hulipa, na baada ya wiki chache hurudi na tatizo lile lile, safari hii mfereji ukiwa mpana zaidi. Kii iliyokatika inapaswa kumfanya fundi aulize kwanza bolti ilikuwa imekazwa vipi, na nyuso zilizobanwa zilikuwa katika hali gani.

Puli inayoyumba

Dalili ya kwanza, na iliyo rahisi kuonekana, ni puli ya mbele kuyumba injini inapokuwa sailensa, yaani ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta. Mikanda ya alteneta na ya kiyoyozi hulia, hulika upande mmoja, au huruka. Hata hivyo si kila puli inayoyumba ina tatizo la kii. Puli za injini nyingi zimeundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa mpira, na mpira huo ukizeeka, ringi ya nje huyumba ilhali kitovu kimetulia kabisa. Ili kutofautisha, zima injini, chora mstari mmoja wa chaki au rangi kuanzia kwenye kitovu hadi kwenye ringi ya nje, kisha endesha gari kwa siku moja. Mstari ukikatika, yaani nusu ya nje ikaiacha nusu ya ndani, mpira umeachia na puli ndiyo ya kubadilishwa. Mstari ukibaki mzima na puli nzima ikaendelea kuyumba pamoja na kitovu chake, basi tatizo liko kwenye pua ya shafti, na injini hiyo haipaswi kuendelea kutembea.

Dalili inayoambatana na hiyo ni vumbi. Vyuma viwili vilivyobanwa visivyokaza vizuri husuguana kwa miendo midogo isiyoonekana kwa macho, na msuguano huo huzaa unga mwekundu wa kutu laini sana. Hapa kwetu unga huo hudanganya, kwa kuwa gari lililotoka Monduli au Kibosho wakati wa kiangazi huwa limejaa vumbi jekundu kila mahali. Vumbi la barabarani hutapakaa pote na huondoka kwa kitambaa kilicholowa maji. Unga wa kutu huanzia kwenye mzingo wa washa (ringi bapa iliyo chini ya kichwa cha bolti) na kutawanyika kwa mistari kuelekea nje, na ukichanganyika na oili huwa kama uji wa kakao unaotia rangi kidole kwa muda mrefu. Ukiuona, usikaze bolti na kuliruhusu gari liondoke. Kwa wakati huo nyuso zimeshalika, na kukaza peke yake hakutazirudishia unyoofu wake.

Mlio unaofanana na wa konrodi

Gia inayocheza kwenye kii hugonga, na mlio huo husikika kama beringi iliyokufa ya konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krankshafti. Nimeshaona injini ikishushwa nzima kwa ajili ya mlio huu, konrodi zote zikapimwa na kuonekana salama, ndipo mtu akaigusa puli kwa mkono na kukuta inacheza. Kabla ya kushusha injini, fanya majaribio mawili. La kwanza ni kuondoa mikanda ya nje na kuiwasha injini kwa muda mfupi, usiozidi dakika moja, kwa sababu pampu ya maji ya injini nyingi huzungushwa na mikanda hiyo: mlio ukibadilika sana au ukitoweka, chanzo kiko mbele. La pili ni kukata cheche ya silinda moja baada ya nyingine, au kwa dizeli kulegeza bomba la nozeli moja moja. Mlio wa konrodi hupungua waziwazi silinda yake inapokatwa, kwa kuwa pistoni hiyo imeondolewa mzigo. Mlio wa kii haujali ni silinda ipi imekatwa.

Mlio wa kii pia hupenda kuongezeka pale mzigo unapobadilika ghafla, kwa mfano kiyoyozi kinapowashwa au dereva anapoachia mafuta akiteremka. Dereva wa magari ya watalii akikwambia kwamba gari hugonga linapoteremka kutoka ukingo wa Ngorongoro lakini hunyamaza likipanda, msikilize kwa makini.

Nguvu kupungua

Hapa ndipo kosa la utambuzi hutokea mara nyingi, kwa hiyo tufanye hesabu kidogo. Tuseme pua ya shafti ina kipenyo cha milimita 30. Mzingo wake ni karibu milimita 94, kwa hiyo mfereji uliopanuka kwa milimita 1 huiruhusu gia kurudi nyuma kwa takriban digrii 4 za krankshafti, ambazo ni digrii 2 tu za kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Upotevu wa nusu milimita ni nusu ya hapo. Kiasi hicho hakitoshi kulifanya gari lishindwe kupanda mlima. Madhara yake makubwa katika hatua hiyo ni kugongana kwa vyuma. Gari likipoteza nguvu ghafla, jambo moja kati ya haya limetokea: kii imekatika na gia imehama kwa digrii nyingi, au mkanda wa taimingi umeruka jino, au tatizo liko kwingine kabisa. Kwenye gia yenye meno 20 au 24, jino moja ni digrii 18 au 15, na injini huuhisi upungufu huo waziwazi.

Krankshafti ikitazamwa kutoka mbele huzunguka kama mishale ya saa katika karibu magari yote yaliyo barabarani kwetu. Gia inayoachwa nyuma kwa hiyo huchelewesha valvu. Valvu ya kuingiza ikichelewa kufunga, sehemu ya hewa iliyoingia husukumwa kurudi ilikotoka, na kompresheni hushuka katika silinda zote kwa usawa. Usawa huo ndio wa kuangaliwa: silinda moja ikiwa chini na nyingine zikiwa juu, tafuta ringi, valvu au gasketi, zote zikiwa chini kwa kiwango kinachokaribiana, tafuta taimingi kwanza. Kwa dizeli dalili yake ni kuwaka kwa shida asubuhi ya baridi pamoja na moshi mweupe.

Kuna tahadhari moja ya hapa kwetu. Vitabu vingi vya injini hutoa vipimo kwa kuchukulia kwamba gari liko usawa wa bahari. Arusha iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15. Injini nzima ya petroli ambayo huko pwani ingeonyesha vakyumu (mvuto wa hewa kwenye njia ya kuingiza) ya inchi 18 hadi 21 za zebaki ikiwa sailensa, hapa itaonyesha kati ya 13 na 17 bila kuwa na ugonjwa wowote; Moshi, iliyo chini zaidi, upungufu ni wa inchi 3 hivi. Fundi asiyelijua hili anaweza kuihukumu injini nzima kwamba taimingi yake imechelewa.

Magari mapya zaidi hutoa ushahidi mwingine. Kompyuta ya gari hulinganisha ishara za sensa ya krankshafti na za kamshafti, na zikiachana huwasha taa ya injini na kuhifadhi kodi, yaani namba ya hitilafu, P0016. Kodi hiyo haisemi ni kii, mnyororo au mkanda. Inasema tu kwamba shafti mbili hazisomeki pamoja.

Alama ya puli inaposema uongo

Kwenye injini zenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, fundi huwasha taa ya taimingi, huona cheche imechelewa, huzungusha distribyuta hadi alama ikae vizuri, na gari hupata nafuu kidogo. Nafuu hiyo ni mtego. Distribyuta huzungushwa na kamshafti, kwa hiyo cheche ilichelewa pamoja na valvu, na fundi amesahihisha kimoja akaacha kingine. Mbaya zaidi, alama anayoitazama iko kwenye puli, nayo puli imeshikwa na kii ile ile inayotiliwa shaka.

Kwa sababu hiyo, kilele cha pistoni, yaani pale inapofika juu kabisa, kitafutwe bila kutegemea puli. Ondoa plagi zote. Kwenye tundu la silinda ya kwanza funga kizuizi, ambacho kinaweza kutengenezwa kwa ganda la plagi ya zamani lililotobolewa na kutiwa bolti yenye ncha ya mviringo. Zungusha injini polepole kwa mkono kupitia meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) hadi pistoni iguse kizuizi, kisha weka alama kwenye flaiwili kupitia kidirisha cha nyumba ya klachi au gia boksi. Rudisha injini upande wa pili hadi iguse tena, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilele halisi kilipo. Ninasisitiza flaiwili kwa kuwa imefungwa nyuma ya krankshafti kwa bolti kadhaa na haihusiani na kii ya mbele. Ondoa kizuizi, weka injini kwenye kilele hicho, kisha ndipo utazame alama za puli, za gia na za kamshafti. Alama ya kamshafti ikiwa imechelewa na ya puli nayo haipo mahali pake, kii imeachia. Ya puli ikiwa sahihi na ya kamshafti ikiwa imechelewa, hesabu meno ya mkanda kwanza.

Kufungua na kukagua

Wapo wanaofungua bolti ya mbele kwa kuegemeza spana kwenye chasisi na kupiga stata. Njia hiyo imevunja mikono ya watu, na kwenye pua iliyolegea humalizia kuuharibu mfereji. Ishike flaiwili kwa kifaa cha kuzuia meno, au ishike puli kwa chuma kinachofungwa kwenye matundu yake. Gia ikikataa kutoka tumia kifaa cha kuvutia gia, si nyundo na patasi.

Safisha pua kwa petroli safi kisha kwa thina hadi chuma king'ae. Zungusha shafti mfereji uwe juu kabisa. Kwa kuwa shafti husukuma kuelekea kulia, ukuta wa kushoto wa mfereji wa shafti ndio unaolika zaidi, na kwenye gia ni ukuta wa kulia. Ukuta mzima una kingo kali na uso mnyoofu hadi chini. Ulioharibika una mdomo uliopanuka juu, au ngazi ndogo pale kii ilipokatikia. Ingiza kii mpya ya asili kwenye mfereji na ujaribu kuitikisa. Inapaswa kukaa kwa kubanwa, bila nafasi inayopitisha hata ubapa mwembamba wa fila geji (kipimo cha nafasi ndogo). Kisha vaa gia bila kii, uisikilize kwa vidole: ikipwaya juu ya pua yenyewe, basi kipenyo cha shafti au tundu la gia limelika, na hapo kii mpya peke yake haitafaa kitu. Kagua pia uso wa bega ambalo gia huliegemea, uso wa puli, na washa. Nyuso hizi ndizo zinazobeba mzigo, na ndizo zinazosahaulika.

Vyanzo

Chanzo kikuu ni bolti iliyokazwa kwa kukisia. Injini ya Toyota 3S-FE, iliyo kwenye Noah nyingi za zamani zinazobeba abiria kati ya Arusha na Moshi, huhitaji Nm 108 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Injini ya 4A-FE huhitaji Nm 118. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ hupita Nm 400, kiwango ambacho hakuna mkono unaokifikia kwa spana ya kawaida isiyo na bomba refu. Mashine ya upepo ya kukazia bolti nayo haipimi: compresa ikiwa dhaifu bolti hubaki chini ya kiwango huku mlio wake ukimridhisha kila aliye karibu.

Hiyo 1HZ ina jambo lake. Mkanda wake wa taimingi hauanzii kwenye krankshafti. Gia za mbele hupeleka mwendo juu, na mkanda mfupi huunganisha gia ya juu na kamshafti. Mkanda hubadilishwa bila puli ya chini kuguswa, na kwa hiyo bolti inaweza kukaa miaka mingi ya barabara za Serengeti bila mtu kuikagua. Kwenye injini za 3L na 5L za Hiace ni kinyume chake: puli hufunguliwa kila mkanda unapobadilishwa, na kila ufunguaji ni nafasi ya kukosea.

Vyanzo vingine ni washa iliyopotea, rangi au gasketi ya kupaka iliyobaki kati ya nyuso, gia iliyogongwa kwa nyundo hadi ikakaa upande, na kii iliyochongwa kwa msumari au chuma laini cha dukani. Kii laini hupondeka mapema, na ikishapondeka gia hupata nafasi ya kugonga. Mara chache kosa ni la muundo: Mazda MX-5 za kwanza zenye injini ya lita 1.6 zilijulikana kwa pua fupi iliyoharibika kirahisi, na Mazda ikaibadilisha kuwa kubwa zaidi mwaka 1991.

Niliwahi kuletewa Noah iliyobadilishwa mkanda wiki tatu kabla. Kii ilikuwa imekatwa sawasawa kama kwa kisu. Chini ya washa nilikuta kipande cha karatasi ya gasketi kilichobanwa bila mtu kukiona. Bolti ilikuwa imekazwa ipasavyo siku ile, lakini karatasi ilipopondeka na kuungua, nafasi yake ikabaki kuwa ulegevu.

Matengenezo kulingana na uharibifu

Kama kuta za mfereji zimelika kidogo tu na gia haipwayi kwenye pua, weka kii ya asili, gia mpya na bolti mpya, na hapo unaweza kutumia gundi ya kufungia vyuma. Loctite 660 hujaza nafasi hadi nusu milimita, lakini haivumilii mafuta: pua, kii na tundu la gia visafishwe kwa asetoni na visiguswe kwa vidole. Paka kiasi, bana bolti kwa kipimo, futa iliyofurika isiingie kwenye sili ya oili, na uiache injini saa 24. Gundi hii husaidia kubana. Haichukui nafasi ya bolti, na gia ikihitaji kutoka siku nyingine itadai moto.

Mfereji uliopanuka sana unahitaji fundi mkerezaji. Kazi safi ni kuupanua mfereji wa shafti hadi upate kuta nyoofu tena, kisha kutengeneza kii ya ngazi, yaani iliyo pana chini na nyembamba juu, kwa chuma kigumu. Krankshafti ishushwe, na katikati ya mfereji mpya pawe pale pale pa zamani, kwani upotevu wowote utakuwa kosa la kudumu la taimingi. Kuchonga mfereji mpya upande wa pili wa pua kunawezekana pia, ila alama zote za gia na puli zitalazimika kuhamishwa, na fundi atakayekuja baadaye bila kuambiwa atafunga injini kinyume.

Kujaza kwa kuchomelea na kuchonga upya ni njia ninayoikubali kwa shingo upande. Joto hupinda pua na kuacha nyufa, hasa kwa krankshafti za chuma cha kusubu. Ikifanyika, shafti ipimwe unyoofu kwa dayo geji kabla ya kurudi kwenye bloku. Kuichomelea gia yenyewe kwenye pua ni jambo la kuliondoa gari porini na si zaidi: pampu ya oili na sili ya mbele hazitatoka tena bila kuikata gia hiyo.

Ukiamua kununua krankshafti au injini ya mtumba, iwe Unga Limited hapa Arusha au kwingineko, omba puli ifunguliwe kabla ya kulipa. Muuzaji anayeruhusu kusikiliza kompresheni lakini akakataa puli kuguswa amekwishajibu swali lako.

Kufunga na kufuatilia

Nyuso zote ziwe kavu na safi, kii ilale hadi chini, na gia isukumwe kwa mkono mpaka iguse bega. Tazama kama gia ina upande maalumu wa kuelekea nje. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) hadi kipimo cha kitabu cha injini yako, flaiwili ikiwa imeshikwa. Zungusha injini mizunguko miwili kamili kwa mkono ukihisi kama kuna kinachogusa. Kwa dizeli usiliruke hili, kwani pistoni na valvu hukaribiana sana. Kama kii ilikatika injini ikiwa kasi, pima kompresheni upya kabla ya kumkabidhi mteja.

Mwisho chora mstari mmoja wa rangi unaovuka kichwa cha bolti, washa na kitovu cha puli. Gari lirudi baada ya kilomita 500, na la watalii lirudi mara tu litokapo safari yake ya kwanza kabla halijaoshwa, ili mstari na unga wowote mwekundu vionekane kama vilivyo.